Somo la Mwisho na Kijiji cha Mpakani: Uhakiki wa Hadithi ya Alphonse Daudet

UTANGULIZI

Miongoni mwa hadithi fupi zilizotungwa Ulaya katika karne ya 19, ni chache zilizofika katika madarasa ya nchi nyingi kama "La Dernière Classe", yaani "Somo la Mwisho", ya mwandishi Mfaransa Alphonse Daudet. Hadithi hiyo ilitolewa kwanza katika gazeti la Paris mwaka 1872, kisha ikaingizwa katika mkusanyo wa Contes du lundi, yaani Hadithi za Jumatatu, uliochapishwa mwaka 1873. Tangu hapo imesafiri mbali na kwao. Nchini China ilitafsiriwa na mwanachuoni Hu Shi mwaka 1912, ikasomwa shuleni na vizazi kadhaa. Japani ilikaa miongo mingi katika vitabu vya kusomea. India iliingizwa katika kitabu cha Kiingereza cha wanafunzi wa darasa la 12. Jambo hili halistaajabishi, kwani hadithi ni fupi, lugha yake ni nyepesi, na mhusika wake mkuu ni mwalimu wa lugha siku anayopokonywa kazi yake. Ni nani miongoni mwetu sisi walimu atakayeisoma asiguswe?

Lakini kuguswa ni jambo moja na kuhakiki ni jambo jingine. Madhumuni ya makala haya ni kuipima hadithi hii kwa kipimo ambacho wasomaji wake wengi hawakuwa nacho, nacho ni kijiji chenyewe. Daudet anatuambia kwamba mambo yametokea katika kijiji cha Alsace, jimbo la mashariki ya Ufaransa linalopakana na Ujerumani. Tukiuliza watu wa vijiji vya namna hiyo walikuwa nani, walisema lugha gani, na wamerithi nini, tutaona kwamba mwandishi ametuonyesha huzuni ya kweli, na papo hapo ametuficha jambo kubwa. Tena tutaona kwamba alilolificha ndilo lililoiwezesha hadithi yake kusimama.

MUHTASARI WA HADITHI

Msimulizi ni mtoto aitwaye Franz. Asubuhi hiyo amechelewa shule, na anaogopa kwa sababu mwalimu wake, Bwana Hamel, ameahidi kuwauliza kanuni moja ngumu ya maumbo ya vitenzi, naye hajui hata neno moja. Hali ya hewa ni nzuri, ndege wanaimba, na askari wa Prussia wanafanya mazoezi nyuma ya kiwanda cha kupasulia mbao. Anashawishika kutoroka, lakini anajikaza. Anapopita mbele ya ofisi ya kijiji anawaona watu wamekusanyika penye ubao wa matangazo, mahali ambapo kwa miaka miwili zimebandikwa habari zote mbaya za vita. Mhunzi Wachter anamwambia asihangaike kukimbia, hatakosa kufika mapema.

Darasani kuna kimya kisicho cha kawaida. Mwalimu amevaa koti lake zuri la kijani na kofia ya hariri nyeusi iliyotariziwa, mavazi ambayo huyavaa siku za ukaguzi na za kugawa zawadi tu. Katika madawati ya nyuma wamekaa wazee wa kijiji, miongoni mwao mzee Hauser, aliyekuja na kitabu chake kikuukuu cha silabi. Kisha Bwana Hamel anatoa habari: amri imekuja kutoka Berlin kwamba shule za Alsace na Lorraine zitafundisha Kijerumani tu. Mwalimu mpya atafika kesho. Hili ni somo la mwisho la Kifaransa.

Tangu hapo kila kitu kinageuka. Vitabu vilivyokuwa mzigo vinakuwa marafiki wa kuagwa. Franz anashindwa kujibu swali lake, na mwalimu hamkemei. Badala yake anailaumu jamii nzima: wazazi waliopeleka watoto mashambani na viwandani ili wapate senti chache, na yeye mwenyewe aliyewatuma wanafunzi kumwagilia bustani yake au kuwapa likizo alipotaka kwenda kuvua samaki. Anaisifu lugha ya Kifaransa, anawaonya wasiisahau, kisha anafundisha sarufi, mwandiko, historia na silabi kwa bidii ambayo hakupata kuwa nayo katika miaka 40 ya kazi yake. Saa sita inapogonga, kengele ya kanisa inalia na tarumbeta za askari zinasikika chini ya madirisha. Mwalimu anataka kusema neno, sauti inamkauka. Anageukia ubao, anaandika kwa herufi kubwa kuitakia Ufaransa maisha, kisha kwa ishara ya mkono anawaaga.

KIJIJI CHA KWELI

Daudet hakukitaja kijiji chake kwa jina. Sisi na tuchukue kimoja cha kweli kiwe mfano wetu. Kaskazini kabisa ya Alsace, yapata kilomita 10 kutoka mpaka wa Ujerumani, karibu na mji wa Wissembourg, kuna kijiji kidogo kiitwacho Hunspach, chenye wakazi wasiofika 1,000. Nyumba zake ni za fremu za mbao nyeusi zilizojazwa udongo na kupakwa chokaa nyeupe, na nyingi zilijengwa katika karne za 18 na 19. Baadhi zina vioo vya madirisha vilivyobinuka kuelekea nje, hata aliye ndani aweza kumwona mpita njia bila yeye kuonekana. Mwaka 2020 Wafaransa walikipigia kura katika shindano la televisheni wakakiita kijiji wanachokipenda kuliko vyote.

Nyumba hizo nyeupe zina historia yake. Vita vya Miaka Thelathini, vilivyokwisha mwaka 1648, viliangamiza vijiji vingi vya eneo hilo, na Hunspach ilijengwa upya kwa msaada wa wahamiaji Waprotestanti kutoka Uswisi. Kwa mkataba wa Westphalia wa mwaka huohuo mfalme wa Ufaransa alianza kuitwaa Alsace sehemu baada ya sehemu, na mji mkuu wake, Strasbourg, ukatwaliwa mwaka 1681. Lakini mfalme alipotwaa ardhi hakutwaa ndimi. Wakulima wa Alsace waliendelea kusema lahaja za Kijerumani walizozirithi. Waprotestanti wao walisoma Biblia kwa Kijerumani na kuimba nyimbo za ibada kwa Kijerumani. Kifaransa kilikuwa lugha ya maofisa, ya matajiri wa mijini, na baadaye ya shule. Katika shule nyingi za vijijini hata katikati ya karne ya 19 watoto walikuwa wakisoma Kifaransa kama lugha ya kigeni, na mafundisho ya dini walipewa kwa Kijerumani.

Hii ndiyo nchi iliyovamiwa mwaka 1870. Vita vya Wissembourg vilipiganwa tarehe 4 Agosti, na vya Woerth tarehe 6 Agosti, vyote karibu na Hunspach. Ufaransa ikashindwa. Kwa mkataba wa Frankfurt wa tarehe 10 Mei 1871, Alsace na sehemu ya Lorraine ziliingizwa katika dola jipya la Ujerumani. Hapo ndipo anapoingia Bwana Hamel.

MAUDHUI: "LUGHA YETU" NI LUGHA YA NANI?

Dhamira kuu ya hadithi ni mapenzi ya lugha ya taifa wakati wa kutawaliwa na mgeni. Dhamira ndogo ni majuto: mtu hutambua thamani ya kitu kinapomtoka mkononi. Dhamira hii ya pili imefanikiwa kabisa. Mtoto mvivu, mwalimu mzembe na wazazi wapenda fedha wote wanashtakiwa kwa pamoja, wala hakuna anayejitoa. Ni haki kumsifu Daudet kwa hili, kwani mwandishi wa propaganda tupu angaliutupa mzigo wote kwa adui.

Dhamira ya kwanza ndiyo yenye tatizo. Bwana Hamel anawaambia watu wa kijiji kwamba wanapoteza lugha yao. Msomaji wa China au wa India, asiyeijua Alsace, huelewa kwamba hawa ni watu wanaosema Kifaransa nyumbani, na kesho watalazimishwa kusema lugha wasiyoijua. Ushahidi wa kupinga maana hiyo umo ndani ya hadithi yenyewe. Tazama majina: Franz, Wachter, Hauser. Haya ni majina ya Kijerumani. Tazama tena lawama za mwalimu. Anahofu kwamba Wajerumani watawacheka wanakijiji kwa kudai kuwa Wafaransa hali hawawezi kuisema wala kuiandika lugha yao. Mtu asiyeweza kusema lugha yake baada ya kuzaliwa na kukulia ndani yake ni kiumbe cha ajabu. Maelezo mepesi ni kwamba lugha hiyo haikuwa yake ya nyumbani. Mzee Hauser anayetamka silabi pamoja na watoto wadogo, sauti ikimtetemeka, huenda hajifunzi kusoma tu, bali anajifunza lugha ya wengine.

Kwa hiyo kijiji cha hadithi kina lugha mbili, Kifaransa kinachoondoka na Kijerumani kinachoingia, ilhali kijiji cha kweli kilikuwa na tatu. Ya tatu ilikuwa lahaja ya nyumbani, ya jikoni, ya zizini na ya sokoni. Haikuwamo katika somo la mwisho kwa sababu haikupata kuwamo katika somo la kwanza. Daudet hakuipa hata sentensi moja.

Sisi si wa kwanza kuliona pengo hili. Mwaka 1981 mwanaisimu Mjapani Tanaka Katsuhiko alieleza katika kitabu chake juu ya lugha na dola kwamba hadithi hii inawapotosha wanafunzi, na katika miaka ya 1980 hiyohiyo iliondoka katika vitabu vya shule vya Japani. Hata hivyo, kusema kwamba Daudet amedanganya hakutoshi. Mhakiki hana budi kuuliza kwa nini alilazimika kuificha lahaja hiyo.

Jibu letu ni hili. Wakati huo wanachuoni wa Ujerumani walidai kwamba Alsace ni yao kwa kuwa watu wake wanasema Kijerumani. Upande wa pili, watu wa Alsace wenyewe walikuwa wamekwisha kutoa jibu lenye nguvu kuliko hadithi yoyote. Wabunge wao walisimama katika Bunge la Ufaransa mjini Bordeaux, Februari na Machi 1871, wakapinga kukabidhiwa kwa Ujerumani. Kisha maelfu ya watu walitumia haki ya kuchagua uraia wa Ufaransa kabla ya tarehe 1 Oktoba 1872, wakayahama makao yao. Wengi wa wapiga kura waliowatuma wabunge hao walisema lahaja ya Kijerumani, na bado walitaka kuwa Wafaransa. Hawakuona mgongano wowote. Miaka 10 baadaye, mwaka 1882, mwanafalsafa Ernest Renan alieleza katika hotuba yake mashuhuri mjini Paris kwamba taifa halifanywi na lugha bali na nia ya watu ya kuishi pamoja.

Daudet hakuifuata njia hiyo. Alikubali, pengine bila kujua, kanuni ya adui wake kwamba lugha ndiyo inayoamua mtu ni wa taifa gani. Baada ya kuikubali, ilimbidi awafanye wanakijiji wawe wenye Kifaransa. Hakuweza kumpa nafasi mkulima anayeipenda Ufaransa kwa lahaja ya Kijerumani, ijapokuwa mkulima huyo ndiye aliyekuwa shahidi bora wa haki ya Ufaransa. Hapa ndipo penye upungufu mkubwa wa hadithi, na ni upungufu wa maudhui, si wa fani.

UFUNGUO ULIOAZIMWA

Katika hotuba ya Bwana Hamel kuna tamathali mashuhuri: taifa lililotiwa utumwani, maadamu limeshika lugha yake, ni kama mfungwa aliyeshika ufunguo wa gereza lake. Wasomaji wengi hudhani kwamba tamathali hii ni ya Daudet. Yeye mwenyewe aliweka chini ya ukurasa jina la mwenye nayo, rafiki yake Frédéric Mistral.

Mistral, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1904, alikuwa mshairi wa Provence, kusini ya Ufaransa, naye aliandika kwa lugha ya Provence. Lugha aliyoitetea haikuonewa na Wajerumani. Ilikuwa ikisukumwa pembeni na Kifaransa chenyewe. Tangu Mapinduzi, serikali ya Ufaransa ilikuwa imeazimia kuzimaliza lugha za mikoani. Mwaka 1794 padri Henri Grégoire aliwasilisha mbele ya wajumbe wa Mapinduzi ripoti iliyohimiza kufutwa kwa lahaja hizo na kuenezwa kwa Kifaransa pekee. Ufunguo wa Mistral, kwa hiyo, ulitengenezwa kwa ajili ya mlango ambao mwenye kuufunga alikuwa Kifaransa.

Daudet naye alizaliwa kusini, mjini Nîmes, mwaka 1840, na habari hizi alizijua vyema. Katika hadithi yake aliuchukua ufunguo huo akautia mkononi mwa mwalimu wa Kifaransa. Katika kijiji cha Alsace, mwenye haki ya kuushika kwa maana ya Mistral alikuwa mama wa Franz, aliyesema na mwanawe kwa lahaja. Huyo mama hamo katika hadithi. Wanawake wa kijiji hawana hata jina moja. Anayesikika ni dada wa mwalimu tu, ambaye nyayo zake zinatembea ghorofani akifunga masanduku ya safari.

FANI

Kwa upande wa fani, mwandishi amefanya kazi ya fundi. Wakati wa hadithi ni asubuhi moja, na mahali ni njia na darasa. Hakuna neno la ziada. Vitu vichache vimebeba mzigo wa hisia: koti la kijani, kitabu cha mzee Hauser kilichochakaa pembeni, miti ya uani iliyokua mikubwa, mmea utambaao ambao mwalimu aliupanda kwa mkono wake na sasa umefika paani. Karatasi za mwandiko zenye majina ya Ufaransa na Alsace zinaning'inia juu ya madawati kama bendera ndogo. Hizi ni alama ambazo mtoto yeyote huzielewa.

Kinaya nacho kimetumiwa kwa uangalifu. Franz alitaka kulikimbia somo, na somo ndilo linalomkimbia. Alitegemea makelele ya darasa yamsaidie kupenya bila kuonekana, na siku hiyo kimya kinamfichua. Anapowasikia njiwa wakilia paani, anajiuliza kama nao watalazimishwa kuimba kwa Kijerumani. Swali hilo la kitoto linasema mengi kuliko hotuba, kwani linadhihirisha upuuzi wa amri inayotaka kutawala koo za viumbe. Tukiliendeleza, linamgeukia mwandishi pia: njiwa wale hawakuwa wakiimba Kifaransa hapo kabla.

Kasoro ya fani iko katika sauti ya msimulizi. Daudet ameiita hadithi hii, katika kichwa chake kidogo, masimulizi ya mtoto wa Alsace. Mtoto huyu anakiri kwamba hajui kuandika ila kwa shida, na kanuni za vitenzi zimemshinda. Lakini anasimulia kwa Kifaransa safi, chenye vitenzi vilivyokaa sawasawa. Hakuna neno hata moja la lahaja linaloponyoka kinywani mwake, hata katika hofu, hata katika huzuni. Mwandishi wa Paris amesimama nyuma ya mtoto na kusema kwa niaba yake. Kwa hiyo pengo tulilolitaja katika maudhui limeingia hadi katika fani, maana lugha ya kijiji imenyamazishwa katika kinywa cha mwanakijiji.

Jambo la pili la kuangaliwa ni mhusika asiyeonekana, yaani mwalimu mpya atakayefika kesho. Hana jina wala uso. Kwa ufundi wa hadithi fupi hii ni sawa, kwani hofu hukua gizani. Lakini mwanafunzi mwerevu atauliza: mwalimu huyo atawafundisha nini watoto hawa ambao tayari wanaelewa nusu ya lugha yake? Historia imejibu kwa namna isiyopendeza upande wowote. Utawala mpya uliwalazimisha watoto wote kwenda shule tangu mwaka 1871, miaka 11 kabla ya Ufaransa kufanya hivyo kwa sheria ya 1882. Ule uzembe uliomliza Bwana Hamel ulikomeshwa na adui yake.

MASOMO MENGINE YA MWISHO

Upungufu mwingine ni kwamba hadithi inasimama mwaka 1871, kana kwamba mpaka ulihama mara moja tu. Daudet alifariki mwaka 1897, hivyo hatuwezi kumlaumu kwa yaliyofuata. Lakini mwalimu anayefundisha hadithi hii leo hana udhuru wa kutoyajua.

Mwaka 1918 Ujerumani ilishindwa na Alsace ikarudi Ufaransa. Safari hii walioondoka walikuwa Wajerumani. Wakazi waligawanywa kwa vitambulisho vya makundi manne, A, B, C na D, kwa kadiri ya asili ya wazazi wao, na wengi waliokuja baada ya 1871 walifukuzwa, walimu wakiwamo. Walimu wapya kutoka mikoa mingine ya Ufaransa waliingia madarasani na kufundisha kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza watoto ambao wengi wao hawakupata kukisikia nyumbani. Kulikuwa, bila shaka, na masomo ya mwisho ya Kijerumani. Hakuna Daudet aliyeyafanya kuwa mashuhuri duniani.

Kisha Ufaransa ikajenga ngome za chini kwa chini kuulinda mpaka. Moja, ngome ya Schoenenbourg, iko jirani na Hunspach, nayo ina zaidi ya kilomita 3 za njia zilizochimbwa ardhini. Septemba 1939 wakazi wa ukanda wa mpakani waliamriwa kuhama kwenda kusini-magharibi ya Ufaransa. Huko wenyeji walishangaa kuwasikia Wafaransa hawa wakisema lugha iliyofanana na ya adui, wakawapachika jina la utani la "ya-ya", kwa namna walivyoitikia. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nyasi za mpakani ziliumia hata zilipokimbilia mbali na uwanja.

Mwaka 1940 utawala wa Nazi uliitwaa Alsace. Kifaransa kikapigwa marufuku, majina ya watu na ya mitaa yakageuzwa, na tangu Agosti 1942 vijana wakaandikishwa kwa nguvu katika jeshi la Ujerumani. Yapata vijana 130,000 wa Alsace na wa Moselle waliandikishwa hivyo, na maelfu yao hawakurudi. Baada ya ukombozi wa 1945 ilikuwa zamu ya Kijerumani kufukuzwa. Kilitolewa katika shule za msingi, na mabango yakawahimiza watu kwamba ni ustaarabu kusema Kifaransa. Watoto waliosema lahaja shuleni waliadhibiwa.

Hebu tumfikirie mwanakijiji aliyezaliwa mwaka 1869 akafa mwaka 1946. Bila kuhama nyumba yake nyeupe angalibadilishiwa nchi mara nne: 1871, 1918, 1940 na 1945. Kila mara angaliambiwa kwamba sasa ndipo anaporudishiwa lugha yake. Na kila mara lugha aliyoisema na mkewe ingalibaki nje ya mlango wa shule. Lahaja hiyo ilistahimili amri zote za Berlin na za Paris zilizotolewa kwa nguvu. Kilichoidhoofisha hatimaye ni aibu, pale wazazi wenyewe walipoona heri watoto wasiirithi. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu wazima wa Alsace waliosema lahaja vizuri walikuwa asilimia 43, na miongoni mwa watoto walikuwa asilimia 3 hivi.

Mwaka 1992 katiba ya Ufaransa iliongezwa maneno ya kutamka kwamba lugha ya Jamhuri ni Kifaransa. Mwaka 2008 ikaongezwa kifungu kingine kinachosema kwamba lugha za mikoani ni sehemu ya urithi wa Ufaransa. Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na madarasa ya Alsace yanayofundisha kwa Kifaransa na Kijerumani sanifu. Hayo ni mema. Lakini kijiji kinapopigiwa kura kwa sababu ya mbao zake na chokaa yake, na lugha iliyosemwa ndani ya nyumba hizo inafifia, yafaa tuulize ni urithi gani unaohifadhiwa. Nyumba huweza kupakwa chokaa upya kila mwaka. Lugha iliyokosa mtoto wa kuirithi haina chokaa.

HADITHI HII DARASANI

Je, tuache kuisomesha? La hasha. Kuifukuza ni kurudia kosa lilelile la kila mtawala wa Alsace, la kufuta kwanza na kueleza baadaye. Hadithi hii ifundishwe, na ifundishwe mara mbili. Mara ya kwanza mwanafunzi aisome kama ilivyo, aguswe, auone ufundi wa kimya, wa vitu na wa kinaya. Mara ya pili aisome akiwa na ramani na tarehe mkononi, aulizwe maswali: Franz anaota kwa lugha gani? Mama yake anamwitaje ale? Kwa nini mzee Hauser hajui kusoma kitabu alichokitunza muda wote huo? Mwalimu wa kesho ana tofauti gani na Bwana Hamel machoni pa mtoto aliyefika darasani na lugha ya tatu?

Maswali hayo yanatuhusu sisi wenyewe. Wengi wetu katika nchi hizi jirani tunafundisha Kiswahili kwa watoto ambao nyumbani wanasema Kinyarwanda, Kirundi, Kiganda, Kinande au Mashi. Kiswahili tunakipenda, na tunatamani kienee. Ni rahisi kujiona katika koti la kijani la Bwana Hamel, tukiwa watetezi wa lugha inayodharauliwa na wakubwa. Ni vigumu zaidi kukiri kwamba kwa mtoto aliyeketi dawati la mbele huenda sisi ni yule mwalimu wa pili, anayefika asubuhi na lugha mpya na kuifunga ya zamani nje.

HITIMISHO

"Somo la Mwisho" ni hadithi nzuri iliyojengwa juu ya kimya. Daudet alitaka kuwaliza Wafaransa waliopoteza jimbo, akafaulu. Ili afaulu aliwafanya watu wa kijiji cha mpakani waomboleze lugha ya dola moja dhidi ya dola jingine, na ile waliyoirithi kwa mama zao akaiacha bila neno. Vijiji kama Hunspach vinatufundisha kwamba urithi wa mpakani hauchagui upande. Ni Ufaransa kwa nia, Ujerumani kwa ulimi, Uswisi kwa baadhi ya mababu, na kijiji kwa yote hayo pamoja. Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa. Bwana Hamel aliyajua maneno ya namna hiyo, akayasema kwa uchungu wa kweli, ila hakugeuka kumwuliza mzee Hauser asili yake ni ipi.